Mashine Isiyo na Dirisha

Kitambaa kilitosha koti moja tu. Mama alikichagua mwenyewe, sufu ya kijivu isiyo nzito wala nyepesi. Alikiloweka, akakianika kivulini, akakipiga pasi, kisha akakiviringisha kwenye bomba la karatasi ngumu na kukisimamisha kando ya meza ya kukatia. Baadaye akaugua. Alipozikwa kitambaa kilikuwa bado kimesimama pale pale, na karakana ilipofunguliwa tena mdogo wake alikuwa akikizunguka kama mtu anavyomzunguka mgeni aliyelala sebuleni.

Mdogo wake huyo ndiye aliyempigia simu mtoto wa marehemu.

“Mhandisi,” alisema, “baba yako leo kaja karakana bila kuitwa. Kakishika kitambaa. Kakishika tu, halafu kaniuliza kama bado nina mkono wa kukata. Nikamwambia mkono ninao, mchoro ndio sina, umo kwenye kompyuta ya dada. Sasa njoo unifungulie.”

“Haihitaji kufunguliwa, Mamdogo. Washa kompyuta, subiri kidogo, bonyeza ile picha ya mkasi.”

“Nimewasha. Nimesubiri. Nimebonyeza mkasi. Imefunguka, ila tupu.”

“Tupu vipi?”

“Tupu kama chumba cha mpangaji aliyehama. Hata msumari ukutani hakuna. Njoo.”

Hakuwa mhandisi. Jina hilo alipewa na mama yake utotoni, siku alipofungua cherehani nzima sakafuni na kuirudisha vizuri, isipokuwa skrubu moja iliyobaki mkononi. Kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta za kampuni ya kusafirisha mizigo, katika mji mwingine, ndani ya chumba chenye baridi ambako hakuna skrini hata moja. Mashine za chuma mle ndani hazikuwa nyingi. Lakini ndani ya hizo chache zilikuwamo mashine pepe nyingi sana, yaani kompyuta zinazoishi ndani ya kompyuta nyingine: kila moja na diski yake, kumbukumbu yake na kazi yake, ingawa hakuna mtu awezaye kuigusa. Zilianzishwa na skripti, mafaili mafupi ya amri aliyoyaandika yeye mwenyewe. Skripti ikiita, mashine inaamka nyuma ya pazia, bila dirisha, bila mlio, bila kumuuliza mtu swali. Sifa ya kazi hiyo ni kwamba ikifanywa vizuri hakuna anayejua kuwa inafanyika.

Katika chumba kile mashine haibembelezwi. Ikisumbua inazimwa, inafutwa, na nyingine inazaliwa mahali pake kutoka kwenye nakala safi. Kwa ajili hiyo aliandika skripti nyingine ambayo wenzake waliibatiza Mfagiaji. Kazi yake ilikuwa kutafuta mashine zilizolazwa muda mrefu bila kuamshwa na kufuta usingizi wao. Mashine pepe ikilazwa, kila kilichokuwa kichwani mwake huandikwa kwenye faili moja kubwa, ili ikiamka iendelee pale pale ilipoachia. Lakini usingizi uliozeeka, kwa kazi za kampuni, ni takataka: unakula nafasi, na ukiamshwa unaleta mambo ya zamani katikati ya mambo ya sasa. Kwa hiyo alipanga amri kwa mfuatano aliojivunia, na aliufundisha kwa kila mtumishi mpya: kwanza fagia, ndipo uamshe.

Mashine ya mama yake ilikuwa ya namna nyingine kabisa.

Mama alikuwa mkataji. Alichora violezo vya nguo kwa programu iliyokuja pamoja na printa ile ndefu ya kuchapa karatasi pana kama shuka. Kampuni iliyotengeneza programu ilikwisha kufungwa, na kompyuta mpya hazikuitambua. Kompyuta ya zamani ilipoanza kukohoa, mwanawe aliichukua nzima, programu na vyote, akaiingiza kama mashine pepe ndani ya kompyuta mpya. Mwanzoni ilifunguka katika dirisha kama programu yoyote. Jioni moja mama alifunga dirisha hilo, kikatokea kisanduku chenye swali na majibu matatu: uilaze kama ilivyo, uizime kwa utaratibu, au uikatie umeme. Mama akachagua la tatu kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu na kidole. Kola aliyoichora tangu asubuhi ikapotea.

“Kwa nini inaniuliza mimi?” alisema siku hiyo. “Fundi nani, mteja nani? Mimi ninapofunga mkasi, mkasi unaniuliza?”

Mwanawe akaona hoja ina nguvu. Akaliondoa dirisha. Tangu hapo, kompyuta ilipowashwa, skripti iliiamsha mashine ya mama kimyakimya; yeye alibonyeza picha ya mkasi na meza yake ya kuchorea ikatokea. Alipomaliza alizima kompyuta tu, kama mtu anavyozima taa, na skripti nyingine ikailaza mashine kama ilivyo. Kesho yake alikuta mstari nusu ukimsubiri palepale alipouacha.

“Na kuhifadhi je?” aliuliza. Kuhifadhi ndani ya programu ile kulikuwa adhabu: ilidai jina, namba, jina la mteja, kisha ikafikiri kwa muda wa kupika chai.

“Usijisumbue, Mama. Mashine haizimwi. Inalala tu.”

Aliamini. Kwa miaka mingi hakukuwa na sababu ya kutoamini, maana ilikuwa kweli.

Na kwa kuwa mwana alikuwa mbali, aliiunganisha kompyuta ile na orodha ya mashine anazozitunza kutoka kazini. Akitengeneza kitu kule, kinatengenezeka na huku. Alilifanya hili kwa upendo, ingawa yeye angeliita utaratibu. Pamoja na mengine yote, Mfagiaji naye akaingia.

Alifika karakana mchana. Vyerehani viwili vilikuwa bado vimefunikwa. Cha tatu, cha Mama mdogo, kilikuwa wazi, kina uzi mweusi. Alikaa mbele ya kompyuta na kusoma kumbukumbu za asubuhi, zile taarifa ambazo skripti huandika zikifanya kazi. Zilikuwa fupi. Mfagiaji alikuta usingizi mmoja uliopita umri unaoruhusiwa. Mfagiaji aliufuta. Kiamshaji, ile skripti ya kuamsha, hakikukuta usingizi wowote, kikaianzisha mashine upya. Hakuna kosa lililoripotiwa, kwa sababu hakuna lililotokea.

“Imefutwa lini?” aliuliza Mama mdogo, aliyekuwa amesimama nyuma yake na futi ya kupimia shingoni.

“Leo. Ulipowasha.”

“Kabla ya leo ilikuwapo?”

“Ilikuwapo. Kompyuta ilikuwa imezimwa tangu alipoacha kuja. Hakuna kilichoigusa.”

Mama mdogo aliitoa futi shingoni, akaanza kuiviringisha kidoleni. “Mimi nimekaa humu msimu mzima nashona kwa karatasi za zamani, siigusi, nasema ni ya dada. Leo ndiyo nimeiwasha. Kumbe ningekupigia kwanza.”

“Ungenipigia kwanza, ningekuambia uiwashe.”

Aliyasema hayo kwa sababu yalikuwa kweli. Hakuwa na njia nyingine ya kufariji. Mama mdogo akaiweka futi mezani.

“Kinyozi hajinyoi,” alisema, si kwa ukali. “Endelea kutafuta.”

Akaendelea. Alikuwa na nakala za akiba, na kila nakala ilikuwa nzima. Lakini nakala hizo zilichukua diski za mashine, hazikuchukua usingizi wao. Hilo pia alilipanga yeye. Mafaili ya usingizi ni makubwa na, kwa kazi za kampuni, hayana thamani. Alijaribu programu za kufufua mafaili yaliyofutwa. Diski za siku hizi zikiambiwa zisahau, zinasahau. Alikwisha kujua hivyo kabla ya kujaribu, lakini alijaribu zote, moja baada ya nyingine, huku Mama mdogo akishona suruali ya mteja.

Kwenye diski ya mashine yenyewe vilikuwamo violezo ambavyo mama alivihifadhi enzi za dirisha. Kimoja kiliitwa Koti Baba. Alikifungua.

Mama mdogo aliacha kushona akaja kuangalia. Kipande cha mgongo kilikuwa kimesimama katikati ya skrini, kushoto na kulia sawasawa, kama jani lililokunjwa katikati.

“Huyu shemeji wa zamani,” alisema. “Huyu ndiye aliyekuwa anapanda paa.”

Baba yake mwana, mwalimu wa hesabu, alianguka kutoka kwenye paa alilokuwa akiliziba mwenyewe, ingawa mafundi wa paa walikuwapo mtaani. Mfupa wa bega la kulia uliungwa vibaya. Bega likashuka, na kila mwaka lilishuka zaidi kidogo, likivuta shingo upande wake. Koti la dukani lilimning'inia kama limetundikwa kwenye tawi. Mama akaanza kumkatia makoti yasiyolingana: upande mmoja wa mgongo mfupi kuliko mwingine, kwapa moja limeshushwa, kola imegeuzwa kidogo, na ndani ya bega la kulia pedi aliyoijenga kwa tabaka. Ukimwona baba ndani ya koti lile ulimwona mwalimu wa hesabu aliyesimama wima. Kumbe alikuwa amejiachia. Koti ndilo lililosimama.

Kiolezo cha makoti hayo mama hakukifunga kamwe. Kilikuwa wazi pembeni mwa meza yake ya kuchorea siku zote, nyuma ya kazi za wateja, na kila alipoona bega limebadilika alihamisha mstari. Hakuwa akimpima kwa futi. Alisubiri baba asinzie mezani baada ya chakula, akampitishia kiganja mgongoni kana kwamba anamfukuza nzi, kisha akaenda karakana na kusogeza mstari.

“Tuna lile koti lake la kahawia,” alisema mwana. “Likifumuliwa, vipande vitatuonyesha.”

“Nimeshamwomba. Unajua alivyonijibu? ‘Shemeji, hilo kalishona yeye. Halifumuliwi.’ Na hata lingefumuliwa, ni la zamani. Dada kalirekebisha kwa mkono mpaka mishono imepandana. Koti la hivyo haliwezi kukuambia lilikatwaje.”

Jioni alikwenda nyumbani kumweleza baba. Mwalimu mstaafu alikuwa amekaa kwenye meza ya kulia, redio imezimwa, gazeti limekunjwa kwenye ukurasa wa mafumbo. Alikuwa amevaa sweta. Bega la kulia lilionekana dhahiri ndani ya sweta.

“Mchoro umepotea, Baba.”

“Umepoteaje?”

“Ulikuwa ndani ya mashine, na mashine—”

“Usinipe hadithi. Nieleze kama unaeleza darasani.”

Akaeleza. Kompyuta ndani ya kompyuta, jinsi inavyoamshwa bila dirisha, jinsi inavyolazwa. Kwamba mchoro haukuwahi kuhifadhiwa kwa kuwa yeye alimwambia Mama asihifadhi. Kwamba aliandika amri ya kufuta usingizi uliozeeka, akaiweka kwenye kompyuta ya Mama pamoja na nyingine, na hakufikiri kwamba usingizi wa mashine ya Mama ungekuja kuzeeka. Baba alimkatiza mara moja tu, kuuliza umri huo ulipangwa na nani.

“Na mimi.”

“Kwa kigezo gani?”

“Cha kazini. Mashine ambayo haijaitwa kwa muda ule, mwenyewe huwa haihitaji tena.”

Baba alifikiri. Alikuwa na desturi, tangu enzi za kufundisha, ya kurudia jibu la mwanafunzi kwa maneno machache kuliko yake.

“Kwa hiyo ilimsubiri. Hakuja. Ikafutwa.”

“Ndiyo, Baba.”

“Hesabu yako haina kosa.” Alilinyoosha gazeti kwa kiganja, ingawa lilikuwa limenyooka. “Hata shuleni, mtoto asipofika kwa muda, jina linatolewa. Mwalimu wa darasa ndiye anayepaswa kujua kama anaumwa.”

Kisha akauliza kama mwanawe amekula, akamwonyesha sufuria jikoni, na kumtahadharisha kwamba wali umeshika chini kwa sababu mpishi ni yeye.

Asubuhi baba alikwenda karakana kwa hiari yake. Alivua sweta, akasimama katikati ya chumba kwa shati, mikono imening'inia.

“Pima,” alimwambia Mama mdogo.

Mama mdogo akapima. Shingo hadi kiuno. Bega hadi bega. Alipima upande wa kulia, akaandika kwa chaki kwenye ukingo wa meza, akarudia, akafuta, akaandika tena.

“Shemeji, legea.”

“Nimelegea.”

“Umesimama kama unapigwa picha ya pasipoti.”

“Ndivyo ninavyosimama.”

“Ndivyo unavyosimama mbele yangu. Dada ulikuwa unamletea bega lako lenyewe, mimi unaniletea la kuazima.” Akamgonga mgongoni kwa ncha ya kidole. “Shusha. Mimi si mkaguzi wa elimu.”

Baba alicheka kidogo. Bega likashuka kidogo pamoja na kicheko, na Mama mdogo akanyanyua futi haraka. Lakini futi ilipomgusa, bega lilipanda tena. Hakulipandisha kwa makusudi. Mwana, aliyekuwa ameketi kwenye kompyuta, aliona vizuri: mwili ule ulikuwa umezoea kujificha kwa kila mtu, kasoro mmoja.

“Msubiri asinzie,” alinong'ona baadaye, baba alipotoka kunawa mikono.

“Nimsubirie wapi? Kwenye meza yake ya chakula? Mimi ni shemeji yake, Mhandisi. Kuna mambo ya mke.”

Basi wakafanya walichoweza. Mwana alichukua kile kiolezo cha zamani chenye mabega sawa, na kwa vipimo vilivyoandikwa kwa chaki akasogeza mistari, Mama mdogo akimwelekeza: shusha hapo, zungusha kola, punguza, si hivyo, rudisha. Safari hii alihifadhi. Alijaza jina, akajaza namba, akasubiri. Kisha akamwondoa Mfagiaji kwenye kompyuta ile, ingawa hapakuwa tena na kitu cha kulinda. Printa ndefu ikachapa. Mama mdogo alitandaza karatasi juu ya sufu ya kijivu, akapiga chaki, akashika mkasi, na kwa muda mkono wake ulikaa hewani. Halafu akakata. Mabaki hayakutosha hata mfuko.

Koti lilipokwisha, mwana aliomba ruhusa kazini akaja. Baba alilivaa karakana mbele ya kioo kirefu. Mama mdogo alizunguka nyuma, akavuta pindo, akapapasa mshono wa mgongo. Bitana ilikuwa nzuri. Vifungo vilikaa mahali pake. Kati ya shingo na bega la kulia pakatokea mkunjo, mwembamba, wa mshazari, kama mstari uliopigwa na rula.

Mama mdogo aliuona. Mwana aliuona. Baba naye aliuona kwenye kioo, kisha akayaona macho ya mwanawe ndani ya kioo hicho hicho, yakiwa yametulia juu ya mkunjo ule.

Akalipandisha bega. Alilipandisha polepole, kwa juhudi ambayo haikufika usoni, mpaka mkunjo ukafutika na sufu ikalala.

“Limekaaje?” aliuliza.

Katika kazi yake mwana hakuwahi kuandika kwamba kitu kinafanya kazi wakati hakifanyi.

“Limekaa vizuri, Baba.”

“Shemeji?”

“Umependeza,” alisema Mama mdogo, akainama kuokota pini sakafuni. Alizitafuta kwa muda mrefu kuliko uliohitajika kwa pini chache zile.

Baba hakutaka kulivua. Alisema atatembea nalo mpaka nyumbani ili sufu imzoee. Wakaenda pamoja, mwana upande wa kulia, barabara ile ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Muuza rangi aliyemfahamu aliita kutoka mlangoni, “Mwalimu, leo tunaoa?” na baba akamjibu kwamba posa imeshatolewa, wanasubiri tu jibu la bibi harusi, ambaye huwa hachelewi kukataa. Alisema hayo akiwa wima. Mwana aliitazama misuli ya shingo ya baba yake ikitetemeka juu ya kola, akapunguza mwendo ili baba apunguze bila kuombwa.

Nyumbani baba alipita moja kwa moja chumbani kwake na kufunga mlango. Mwana alibaki ukumbini, karibu na mlango huo. Alisikia kabati likifunguliwa. Alisikia vifungo, kimoja kimoja, halafu pumzi ikishushwa, ndefu, ya mtu anayetua mzigo mahali ambapo hakuna anayemwona. Alisubiri mpaka akasikia kitanda kikilia kwa uzito wa mtu aliyeketi. Hapo ndipo alipokwenda jikoni, akawasha jiko kwa kelele kidogo, ili baba ajue kwamba mwanawe hayupo tena mlangoni.